Ndege ya vita imelala mu pori yenu: uuze kilo, uuzie mkusanyaji, uite Leta (serikali), ao ubaki nayo?

Hili swali linarudi kila mara mitraye (chuma chakavu) ikipanda bei. Mtu analima, ao anachoma makala (makaa) mbali kidogo na barabara, anakuta bati pana lenye mistari ya riveti, anakwaruza udongo, kumbe ni bawa la ndege. Jioni kijiji kizima kinajua, kesho yake komisioneri (dalali) mmoja amefika na pikipiki kutoka Lubumbashi, keshokutwa wanafika wawili wengine, na wote wana haraka. Shefu wa kijiji afanye nini? Njia ziko nne: auze kilo ku depo ya mitraye, auzie wakusanyaji wa ng'ambo, aite Leta, ao abaki nayo pale ilipo. Nataka tuziweke karibu karibu tuone kila moja inamlipa nani na inaacha nini nyuma, maana wengi wanachagua kwa kusikia bei ya kwanza tu na bei ya kwanza njo mbaya kuliko zote.

Na msiseme hii ni habari ya wazungu na vita vyao vya mbali. Kwetu Katanga ndege za vita zimepita kweli. Mwanzo wa 1961 serikali ya Tshombe, aliyeitenga Katanga na Congo, ilipata ndege za Fouga Magister tatu zilizotengenezwa Ufaransa, moja ikaanguka, moja ikakamatwa na ONU (Umoja wa Mataifa) hapa hapa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwezi wa 8, na ile moja iliyobaki njo ilisumbua askari wa ONU mu mwezi wa 9 wakati wa vita vya Jadotville, Likasi ya leo. Mwisho wa 1962 zile ndege za Sweden za ONU, Saab zenye tumbo nene, zikapiga uwanja wa Kengere kule Kolwezi na kuharibu ndege za Katanga zikiwa chini. Vita vilipoisha, Saab zingine hazikurudishwa Sweden, ziliharibiwa Kamina kwa sababu kuzirudisha kulikuwa ghali. Halafu zikaja T-28 na B-26 za marubani Wakuba waliomkimbia Castro, kati ya 1964 na 1967. Kwa hiyo kijana wa Lubumbashi akikuta kipande cha ndege haimaanishi ni ndege ya biashara iliyoanguka juzi, inaweza kuwa kipande cha historia ya babu yake.

Sasa kabla ya kulinganisha, jambo moja ambalo bila hilo hesabu zote zinakuwa za uongo. Mu biashara ya ndege za zamani, ndege ni plake yake. Naongelea ile plake ndogo ya chuma iliyopigwa riveti ndani karibu na kiti cha rubani, ingine iko ku moteri, ina jina la kiwanda, aina ya ndege na namba yake. Warsha za Uingereza na Marekani siku hizi zinaweza kutengeneza karibu kila kitu upya, bati jipya, mbavu mpya, bawa jipya kabisa kwa michoro ya zamani, lakini namba haitengenezwi, namba inatoka ku ndege iliyokuwako. Ndege inaweza kurudi angani ikiwa na chuma kidogo sana cha zamani na bado inauzwa kama ile ile iliyopigana, sababu ina plake na makaratasi ya kuonyesha imetoka wapi. Ni kama motokari zinazoshuka mpaka wa Kasumbalesa, gari bila namba ya shasi iliyo safi ni vipuri tu hata ikiwa inang'aa. Kwa hiyo yule komisioneri anayekuambia bati si kitu, nipatie tu hicho kiplake kidogo cha kumbukumbu, ukamate hizi dola 50, huyo hajakuomba kumbukumbu, huyo ameshanunua ndege nzima na wewe umebaki na makopo.

Tuanze na kilo, sababu njo njia inayoshinda mara nyingi. Uzuri wake unaeleweka: pesa leo, hakuna barua, hakuna bwana mkubwa wa kungojea. Lakini fanya hesabu. Chukua Harvard, ile ndege ya mazoezi ambayo Katanga iliifunga silaha. Tupu ina uzito karibu tani 2, na humo ndani kuna chuma cha kawaida, kuna moteri, kuna mpira na waya. Aluminiumu yenyewe tuseme tani 1 na kitu. Mu 2023 na 2024 bei ya soko la London ya aluminiumu safi ilikuwa mara nyingi kati ya dola 2 100 na 2 700 kwa tani, na hiyo ni safi, mu ingo kubwa, mu depo za kimataifa. Depo ya mitraye ya kwetu haiwezi kukulipa hiyo, itatoa usafiri, itatoa uchafu, itatoa faida yake, itasema hii ya ndege imechanganyika. Na kweli imechanganyika, bati la ndege lina shaba ndani yake, karibu sehemu 4 kwa 100, pamoja na manyeziumu kidogo. Mwishowe ndege nzima inatoa pesa ambayo ikigawanywa kijiji kizima haifiki mwisho wa mwezi.

Halafu kuna hatari ambazo mnunuzi wa kilo hakuambii. Ndege ya vita inaweza kuwa bado na kartushi ndani ya mabawa, na zimezeeka, msumeno ukizigusa hazikupi nafasi ya pili. Saa na mita za mbele ya rubani za ndege za miaka ya 1940 nyingi zilipakwa rangi ya radiumu ili zionekane usiku, ile rangi hata kama haing'ai tena bado inatoa mionzi, na watoto wakiikwaruza wanameza vumbi lake. Magurudumu na makasha ya moteri mara nyingi ni ya manyeziumu, ikishika moto mu tanuru ukamwagia maji ndio unauchochea. Na hata ikiyeyuka vizuri, inakwenda wapi? Inakuwa nyungu. Wote tunajua wafundi wetu wanaomimina nyungu mu mchanga, ni kazi ya heshima na nyumba nyingi zinapikia bukari humo, lakini utafiti uliofanyika Cameroon ulipima nyungu za namna hiyo za mitraye na ukakuta zinatoa plombo, chuma chenye sumu, ku chakula. Ndege yenye makasha ya betri, solda na rangi za zamani si kitu cha kuyeyusha bila kuchambua.

Kuna hasara ingine ya kuyeyusha na hii kwangu njo nzito kuliko pesa. Ukipita Kasumbalesa ukaendelea mpaka Ndola ya Zambia, unafika pale ilipoanguka DC-6 ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa ONU, usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 mwezi wa 9 mwaka 1961, akija kuongea na Tshombe juu ya sisi. Watu 16 walikufa. Mu uchunguzi wa mwanzo, sehemu ya mabaki iliyeyushwa ili kutafuta kama ndani yake kuna chuma cha risasi, na jibu lilikuwa hakuna. Miaka zaidi ya 50 baadaye ONU ikafungua tena kesi, na aliyepewa kazi ni Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, na tangu 2015 amekuwa akiomba nchi kubwa zifungue makaratasi yao ya siri. Ona vile anavyohangaika na makaratasi. Kama chuma kingekuwa bado kipo vile kilivyoanguka, vipimo vya leo vingekiuliza maswali ambayo ya 1961 hayakuweza kuuliza. Chuma kilichoyeyushwa hakitoi ushahidi tena, kwa mtu yeyote.

Sasa wakusanyaji wa ng'ambo. Hapa njo kuna pesa kubwa na hapa njo kuna uongo mkubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pesa ni ya kweli. Spitfire P9374, ndege ya vita ya Uingereza, ilitua ku mchanga wa bahari karibu na Calais, Ufaransa, mwezi wa 5 mwaka 1940, ikamezwa na mchanga, ikaonekana tena 1980, ikatengenezwa upya ikaruka, na mu 2015 ikauzwa kwa mnada London kwa zaidi ya paundi milioni 3. Glacier Girl, P-38 ya Marekani iliyotua ku barafu ya Greenland 1942, ilitolewa 1992 kutoka chini karibu meta 80 za barafu, ikaruka tena 2002. Komisioneri anazijua hizi hadithi na atakuonyesha ku simu. Ambacho hakuonyeshi ni katikati ya hadithi: kati ya mchanga wa Calais na mnada kuna miaka mingi ya warsha, mafundi wa kulipwa, vipuri vya kutafuta dunia nzima, na hiyo kazi njo imekula sehemu kubwa ya zile milioni. Mwenye mabaki hawezi kudai bei ya ndege inayoruka. Anaweza kudai bei ya namba na chuma kilicho kizima, na hiyo bado ni mbali sana juu ya bei ya kilo.

Lakini angalia yaliyotokea Papua New Guinea, maana wale wanafanana na sisi kuliko watu wa Calais. B-17, ndege ya mabomu ya Marekani, ilitua mu matope ya Agaimbo tarehe 23 mwezi wa 2 mwaka 1942 ikitoka kupiga Wajapani kule Rabaul, watu wote 9 wakatoka wazima wakatembea mu matope mpaka wakaokolewa, ndege ikabaki mu majani marefu, nzima kabisa, watu wakaiita Swamp Ghost, mzimu wa matope. Sheria ya kule ya 1952 inasema vitu vya vita ni vya serikali. Mu 2006 mwokoaji mmoja kutoka Marekani, mwenye vibali mkononi, akaifungua vipande vipande akaitoa na helikopta, ikafika bandari ya Lae. Hapo kelele ikaanza, nani aliuza, nani alikuwa na haki ya kuuza, wananchi wa pale wanapata nini, bunge likaingilia kupitia kamati yake ya hesabu za umma, na ndege ikakaa bandarini miaka, mpaka 2010 njo ikaondoka, na leo iko mu makumbusho ya Pearl Harbor. Mimi sisemi kule Pearl Harbor inateswa, inaangaliwa vizuri, maelfu wanaiona. Nasema hivi: vibali vilikuwapo na bado ugomvi ulichukua karibu miaka 4. Wewe huku bila kibali hata kimoja, na komisioneri asiyekuwa hata na ofisi, unafikiri kontena lako litapita wapi?

Kuna mpango mwingine unaitwa kubadilishana na huo nauogopa zaidi. Mu 2012 wafanyakazi wa petroli walikuta mu jangwa la Misri ndege ya P-40 Kittyhawk ya Uingereza, imekaa vile ilivyotua 1942, rubani wake Dennis Copping alikuwa na miaka 24, hakuonekana tena. Ilikuwa karibu nzima. Mara moja watu wakaanza kung'oa vipande, jeshi la Misri likatoa risasi na bunduki zake. Makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza ikapatana na kampuni moja: nyinyi itoeni jangwani, sisi tutawapa Spitfire yetu iliyo mu stoo. Spitfire ikatolewa kama malipo, Kittyhawk ikabaki Misri ku makumbusho ya El Alamein, na huko ikapakwa rangi mpya ambayo hata ndugu za yule rubani walisikitika kuiona. Kampuni ilipata ndege yake, makumbusho ya Uingereza ikapoteza moja bila kupata ingine, na ile alama ya jangwa iliyokuwa imeandika vile siku za mwisho za kijana yule zilivyokwenda ikafunikwa. Kwa hiyo ukisikia neno kubadilishana, usikubali mpaka kila upande umeshika chake, na usiruhusu mtu apake rangi juu ya rangi ya zamani. Rangi ya zamani na matundu yake ni sehemu ya bei, na ni sehemu ya ukweli.

Na kuna wale wanaouza ndege ambazo haziko. Mu 2013 watu walichimba uwanja wa ndege wa Yangon, Myanmar, kutafuta Spitfire nyingi zilizosemekana zilifukiwa ndani ya masanduku mwisho wa vita, magazeti ya dunia nzima yaliandika, pesa zilimwagwa, hawakupata hata moja. Akikuja mtu Lubumbashi anauza habari za ndege zilizozikwa Kamina ndani ya masanduku, mwombe picha ya namba moja tu, ile moja itatosha.

Leta nitaipitia haraka kwa sababu kila mtu ana maoni yake tayari. Ukweli wa sheria ni kwamba ndege ya jeshi haiokotwi kama embe. Marekani, jeshi la maji halijawahi kukubali kwamba ndege yake iliyozama ni ya aliyeikuta. Fundi mmoja wa ndege wa Minnesota alitoa Corsair mu matope ya North Carolina akaanza kuitengeneza miaka na miaka, mu 2004 wakamshitaki, ikabidi bunge lao lipitishe sheria ili abaki nayo. Mwingine alitaka kutoa Devastator mu bahari ya Miami, mahakama ya rufaa ikasema 2000 kwamba ni ya jeshi, na ndege hiyo iko chini ya maji mpaka leo, wakati hakuna makumbusho hata moja duniani yenye Devastator. Hapo mimi naona sheria ilishinda na ndege ikashindwa. Lakini jeshi hilo hilo la maji limetoa ndege nyingi mu ziwa Michigan kwa ajili ya makumbusho yake ya Pensacola, moja ni Dauntless iliyopigana mu vita vya Midway, kwa hiyo mkono wa serikali unaweza kufanya kazi nzuri pale unapotaka. Uingereza wana sheria ya 1986, ndege yoyote iliyoanguka ikiwa kazini mu jeshi inalindwa yenyewe, unaomba kibali kwanza, na kama ndani kuna mwili wa mtu kibali hakitoki.

Huku kwetu? Ndege za Katanga za 1961 zilikuwa za nchi ambayo hakuna serikali ya dunia iliyoitambua, na ambayo iliisha mwezi wa 1 mwaka 1963, kwa hiyo wa kudai ni Congo. Tuna sheria ya 1971 ya kulinda mali za utamaduni, na tuna makumbusho ya taifa hapa hapa Lubumbashi. Najua vile watu wanavyoogopa: ukiita Leta watakuja na kamiyo, watabeba, hutaona senti. Hiyo hofu ina sababu zake na siwezi kuifuta kwa maneno. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kumwita mtu mwenye kamiyo na kupeleka barua yenye picha ku makumbusho na kubaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Ya pili haibebi kitu, inaandika tu kwamba nyinyi njo mlikuta, tarehe fulani, mahali fulani. Hapo ile haraka ya komisioneri inapungua yenyewe, sababu kitu kilichoandikwa ni kigumu kuvusha mpaka.

Njia ya 4, kubaki nayo. Watu wanaicheka hii wakisema chuma porini hakileti chakula, lakini mimi njo ninayoipenda, na nitasema kwa nini. Guadalcanal, visiwa vya Solomon, mahali panaitwa Vilu, mzee mmoja wa pale alikusanya ndege za vita zilizokuwa zimetawanyika, Wildcat, Corsair, Dauntless, akaziweka ku uwanja wa majani, wageni wanalipa kuingia na pesa inabaki pale pale. Wildcat moja bado ilikunja bawa lake kwa mkono miaka yote hiyo baada ya vita. Hakuna jengo la vioo, hakuna mtaalamu kutoka nje. Kisiwa cha Bougainville nako, ndege ya admirali Yamamoto wa Japani iliyoangushwa tarehe 18 mwezi wa 4 mwaka 1943 bado iko porini karibu na Buin, wageni wanatembea mu njia ya miguu kuifikia. Ila pale pia kuna somo lingine: bawa moja lilipelekwa Japani, na wenye ardhi wamegombana wao kwa wao mpaka njia ikafungwa wakati fulani. Kubaki nayo hakufanyi kazi bila kupatana kwanza nani anapokea pesa ya mgeni na inagawanywa vipi, na mapatano hayo yaandikwe mbele ya shefu, wazee na wamama, si wanaume wawili tu wenye pikipiki.

Hata Ndola ni mfano, na ni karibu kuliko yote. Pale ndege haiko, lakini mahali pamehifadhiwa, kuna mnara, kuna nyumba ya kumbukumbu, watu wanakuja. Na hapo hapo kumbuka wachoma makala wa pale, watu kama wa kwetu, walioona mambo usiku ule na maneno yao hayakusikilizwa mu uchunguzi wa Rodezia, serikali iliyotawala pale wakati ule, na baadhi yao waliookota vitu ku mabaki wakaishia jela. Vitu ulivyookota ku ndege vinaweza kukugeuza kutoka shahidi kuwa mwizi, kwa siku moja.

Ukikuta mifupa, ao kiatu, ao parashuti ambayo haikufunguliwa, ulinganisho umeisha hapo, hakuna tena njia nne. Funika kidogo kwa majani, usitoe kitu, usipige picha ya mifupa ukaituma ku simu za watu, mwite shefu na polisi, na mchungaji ao padri kama mnataka. Kuna familia mahali, Ubelgiji, Sweden, Afrika Kusini ao hapa hapa Kamalondo, ambayo iliambiwa tu kwamba hakurudi. Mimi naona hata plake pale haina bei.

Kama hakuna mtu aliyelala humo, basi mimi nachagua hivi. Ndege iliyo nzima ao karibu nzima, yenye namba inayosomeka: msiitoe, iandikisheni ku makumbusho, fyekeni njia, muweke kibao, mpange bei ya kuingia. Miaka michache ya kuangalia itawaonyesha kama wageni wanakuja ao hawaji, na ndege haitakimbia, imengoja miaka 60. Ikiwa iko mahali pabaya kweli, mto unaikula, ao mgodi unakuja juu yake, hapo fikirieni mkusanyaji, lakini na Leta mezani tangu siku ya kwanza, kontra iliyoandikwa, jina la kampuni lililoandikishwa, pesa ya kijiji ilipwe ku banki kabla ya bolti hata moja kufunguliwa, na muombe kitu ambacho si pesa pia: picha zote, historia ya ndege waliyoipata, na kipande kimoja kibaki kwenu. Mkusanyaji wa kweli hakatai hivyo, sababu makaratasi safi yanampandishia bei yeye mwenyewe. Anayekataa amejieleza.

Moteri nayo ifikirieni peke yake. Harvard inatumia Pratt & Whitney Wasp ya silinda 9, na moteri za aina hiyo bado zinaruka duniani, kwa hiyo hata iliyokufa ina vipuri ambavyo watu wanatafuta. Kuipiga nyundo ku depo ili ipungue uzito wa kubeba ni kutupa kitu cha bei kubwa kuliko mabawa yote mawili.

Na kama mmechelewa, ndege ilishakatwa zamani, kimebaki kipande cha bawa na mabati matatu yaliyokunjwa, hakuna namba, hakuna rangi, hakuna rekodi? Hapo kilo ni sawa, sitamlaumu mtu. Ila angalieni kwanza ndani ya kona zote, maana namba ndogo zinapigwa muhuri pia ku vipande vya ndani, ku mbavu, ku mlango wa mafuta, ku mguu wa gurudumu. Piga picha kila namba na kitu cha kuonyesha ukubwa pembeni, andika mahali na tarehe ku karatasi, si ku simu peke yake. Saa za mbele ya rubani msiguse kwa mkono mtupu. Kartushi mkiona, rudini nyuma muite askari wanaojua kutegua. Plake mkikuta hata kama imepinda, isiende ku mizani pamoja na mitraye, ikae kwa shefu, imefungwa mu kitambaa kikavu, na picha yake ipelekwe makumbusho wiki hiyo hiyo.